Bei ya Herufi

Mimi huandika mabango. Langoni, ubavuni mwa kinu cha unga.
Herufi moja shilingi thelathini,
nukta bure, mkato bure,
picha ya samaki tutaelewana.

Ndipo Mwenyekiti Aboud Skanda akaniletea ubao wa mbambakofi,
umepigwa randa mpaka unateleza kama sabuni.
"Andika: Nyumba hii ya Mkomani
ilijengwa na Bwana Nasiri, mwaka wa..."
Akasita. "Mwaka ataleta daktari."
Nikadhani daktari wa meno.

Kumbe Zuhura Famau, binti wa fundi cherehani wa Mtamwini,
aliyesoma mpaka akaitwa daktari
na hajui kutuliza hata mafua.
Mguu mmoja wa miwani umefungwa uzi.
"Mwaka gani, nimalize kazi?"
"Sijui," akasema.

Nimeandika uongo mwingi mimi.
*Maji baridi sana. Leo hatukopeshi.*
*Tunafungua saa kumi na mbili asubuhi.*
Kuandika *sijui* hajawahi kunilipa mtu.

Akakaa juu ya kopo langu la rangi, akakunjua karatasi:
nakala za daftari la hesabu, herufi za Kiarabu, maneno yetu.
Penye mwaka mchwa wamekula.
Wamebakisha mwezi, Mfungo Nane.
Chini yake vikapu vya chokaa, pishi za mtama,
na waliochoma matumbawe siku kumi na nane.
Nikasema, maskini, na ule moshi, macho yakiwatoka machozi.
"Machozi hayamo," akasema.
"Hayo umeyatia wewe. Huenda yalikuwapo.
Daftari limehesabu vikapu."

Feruzi. Songoro. Tabu. Majaliwa. Hidaya.
Nikangoja *bin*. Hakuna *bin*.
Mimi huipenda *bin*, herufi tatu, shilingi tisini taslimu;
siku ile ningeiandika bure,
ila nisingekuwa na jina la kuweka mbele yake.

Kwenye kamati Mwenyekiti alisema wageni wanataka mwaka,
wageni hawawezi kungoja mchwa atapike.
"Tia elfu moja mia tatu na sabini. Nani atabisha?"
"Mimi," akasema Zuhura, kwa sauti ya mtu anayeagiza mandazi.
"Nioneshe karatasi, nitakubali leo leo.
Na siku nikijua nimekosea, nitakuja kufuta kwa mkono wangu."
Mtu akakohoa. Majina ya watumwa ukutani, ya nini?
Wajukuu wao si wapo?
"Wapo," akasema. "Wengine wamo humu ndani."
Watu wakainama kutazama viatu,
na viatu viko nje, mlangoni.

Basi nikaandika.
*Mwaka haujulikani. Mwezi, Mfungo Nane.*
Na majina matano, herufi thelathini na moja,
shilingi mia tisa na thelathini.
Kamati ikasema hayo hayamo kwenye bajeti.
Zuhura akatoa noti ya elfu, sina chenji ya sabini,
mpaka leo ananidai.

Usidhani yakaishia hapo.
Gatini kuna bango jingine sasa, la plastiki, limetoka Malindi,
lina *elfu moja mia tatu na sabini* kwa rangi ya dhahabu,
na wageni hulipiga picha hilo.
Mwalimu Khuzeima huwapeleka watoto wa darasa la saba gatini kwanza,
wakanakili. Kisha Mkomani, wakanakili.
Kisha hurudi shule, kimya, hawaambii lipi.
Wazazi wawili wameshalalamika.

Jumanne mmoja wao alitoroka mstari akaja kwangu,
kijana Twalib, magoti yana vumbi la chokaa.
"Wewe ndiye uliyeandika lile la mbao?
Ulijuaje?"

Mimi, niliyefeli historia
kwa kusahau miaka.
Nikamsogezea kopo akae.
Nakala za Zuhura ziko kwenye mtoto wa meza, ndani ya mfuko wa nailoni.
"Ngoja," nikamwambia, "ninawe mikono."